Bampa la Lori Letu

Lori letu lilipogonga ng'ombe likabonyea mbele, tulilitengenezea bampa zito la chuma. Fundi akalichomelea kwenye chesisi, ile mihimili miwili mirefu inayobeba gari zima. Kumbe moto wa kuchomelea hudhoofisha chuma cha chesisi! Mwaka haukwisha, ufa ukatokea palepale. Bahati yetu dereva aliuona kabla hatujapakia pamba.

Bampa la sasa tumelifunga kwa bolti, kwenye matundu yaliyotobolewa kiwandani. Tumechagua jepesi, maana uzito wa bampa hulalia ekseli ya mbele. Tena halizibi taa wala rejeta. Rejeta ikikosa upepo, injini huchemka. Lile la zamani lipo ghalani, wazee wanalikalia.