Msumari Ndani ya Gogo

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kazi ya kupasua mbao, na hasa juu ya zile mashine ndogo zinazovutwa nyuma ya gari na kuletwa mpaka shambani kwa mwenye miti. Tutazungumza juu ya siku ile mashine inapoharibika katikati ya kazi. Ni nani aliyeiharibu? Ni nani atakayelipa? Na itatengenezwaje?

Pengine mtu atasema, "Lakini hiki ni kipindi cha Neno la Mungu, si cha mafundi." Ndugu yetu, Torati yenyewe ina mashauri ya mnyama aliyeumia mikononi mwa mtu aliyemwazima, na ya punda aliyetumbukia shimoni. Nacho Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 6, kina habari za watu waliokuwa wakikata miti ya nyumba kando ya mto Yordani, chombo cha kazi kikawapotea. Tutafika huko.

Kwanza tuitazame mashine. Katika nyingi ya mashine hizi, msumeno si lile gurudumu la meno tulilozoea kuliona viwandani. Ni ukanda wa chuma, wenye urefu wa kama mita 4, ulioungwa ncha kwa ncha, nao huzunguka juu ya magurudumu mawili kama mkanda wa mashine ya kusaga mahindi. Unene wake ni milimita 1 au kuzidi kidogo tu. Kwa ajili ya wembamba huo haugeuzi mbao nyingi kuwa vumbi, na ndiyo sababu wakulima wanaupenda. Meno yake yamepindwa, mengine kulia, mengine kushoto, ili njia yake iwe pana kuliko mwili wake na usibanwe. Meno ya upande mmoja yakifa, msumeno huvutwa kuelekea upande wenye meno mazima, na ubao hutoka umepanda na kushuka kama barabara ya milimani. Kitu chembamba namna hiyo hukata mti vizuri sana, lakini hakiwezi kushindana na chuma kingine.

Na chuma kimo ndani ya miti yetu. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, watu wengi waliotafuta mbao waligeukia miti ya mashambani. Basi, mti wa shambani umeishi na watu. Tuuchukue mgrevilea, ambao wengine huuita mukima. Mti huo asili yake ni Australia, ukaletwa Afrika ya Mashariki kuwa kivuli cha kahawa na chai, na leo umesimama kwenye mipaka ya mashamba mengi ya nyanda za juu. Mti wa mpakani hutumiwa kuwa nguzo. Hupigiliwa seng'enge ya kuzuia mbuzi. Hufungwa waya wa kuanikia nguo. Hupigiliwa tangazo la harambee, na kila baada ya miaka mitano hupigiliwa picha za wanasiasa, ambao wakishapata kura hawarudi kung'oa misumari yao. Mti haulalamiki. Hujenga mwili wake juu ya chuma mwaka baada ya mwaka, mpaka gome linafunga na hakuna alama ya kuonekana kwa urahisi.

Sasa fundi amefika na mashine yake. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, amemwuliza mwenye shamba:

"Mzee, miti hii haina chuma ndani?"

"Haina, kijana wangu. Niliipanda kwa mikono yangu mwenyewe."

Mzee huyu hasemi uongo. Kweli aliipanda. Lakini amesahau ua wa mbuzi uliokuwa hapo watoto wake walipokuwa wadogo. Gogo la kwanza linapita salama, na la pili. Katika la tatu mlio wa msumeno unabadilika ghafla, cheche zinaruka, na wote walio karibu wanajua. Gogo linapofunguliwa, msumari upo pale, umekatwa katikati, unang'aa kama sarafu mpya.

Hapo ndipo siku inapoweza kuharibika kuliko msumeno. Fundi anahesabu: msumeno mmoja ni sehemu kubwa ya ujira wake wa siku. Mzee naye anahesabu: fedha alizoweka ni za mbao za paa, hana nyingine. Kila mmoja anaona kwamba mwenzake ndiye wa kulipa, na watu waliokuwa wakinywa chai pamoja saa nne hawatazamani saa sita.

Torati ina neno juu ya jambo hili, na ajabu ni kwamba haikuhukumu mambo yote kwa kipimo kimoja. Katika Kutoka, sura ya 21, mstari wa 33 na wa 34, mtu aliyechimba shimo akaliacha wazi, ng'ombe au punda akatumbukia ndani, ndiye anayelipa, na mnyama aliyekufa anakuwa wake. Katika sura ya 22, mstari wa 14 na wa 15, aliyeazima mnyama, naye mnyama akaumia au kufa mwenyewe asipokuwapo, sharti alipe. Lakini mwenyewe akiwapo, halipi. Na kama mnyama alikodishwa, hasara imo ndani ya ule ujira.

Tuyapime hayo kwa mashine yetu. Msumeno uliokatika kwa uchovu wake mwenyewe, kwa kuwa umefanya kazi nyingi, huo ni wa fundi. Alikuja nao, yupo pale, na ujira wake umeuhesabia uchakavu. Wala si haki amwambie mzee kwamba miti yake ni migumu mno. Lakini mwenye miti anayejua kwamba mti fulani ulikuwa nguzo ya seng'enge, akanyamaza ili kazi isikataliwe, huyo ameacha shimo wazi. Alipe. Twasema hivyo bila kusitasita, hata kama ni mzee wa kanisa.

Uko msumari wa tatu, ule usiojulikana na mtu yeyote, na ndio huu wa mzee wetu. Kwa huo hatuoni dawa ila kupatana mapema. Mafundi wengi wa mashine hizi, katika nchi nyingi, huweka sharti kwamba chuma kikionekana ndani ya gogo, mwenye gogo hulipa msumeno. Sharti hilo si baya, likisemwa asubuhi. Likisemwa baada ya cheche kuruka, hata likiwa la haki, husikika kama ujanja. Wengine hupatana kugawana nusu kwa nusu, na sisi kwa msumari usiojulikana twaipenda njia hiyo zaidi.

Tena kuna kutafuta. Watu wengi hudhani mti unapokua huuinua msumari juu pamoja nao. Sivyo. Mti hurefuka kwenye ncha zake; shina hunenepa tu. Msumari uliopigiliwa usawa wa kifua miaka 30 iliyopita ungali usawa wa kifua. Kwa hiyo gogo la kutiliwa shaka kuliko yote ni lile la chini, na kwa bahati mbaya ndilo nene na ndilo lenye mbao nzuri. Liambuliwe gome, litazamwe kila uvimbe na kila kovu. Katika mti wenye maji makali kama mkaratusi, chuma huacha doa jeusi linaloelekea buluu, na mara nyingi doa hilo huonekana kwenye uso wa gogo lilipokatwa. Ukiliona, usiliwashie mashine gogo hilo mpaka umelichunguza. Viko pia vifaa vidogo vya mkononi vinavyolia vinapokaribia chuma. Bei ya kifaa kama hicho huweza kurudi kwa misumeno michache iliyookolewa.

Lakini si kila chuma kimo ndani ya mti. Juu ya kitanda cha mashine kuna vyuma vilivyosimama, vya kuegemezea gogo lisibiringike. Gogo likishapunguka, vyuma hivyo hushushwa chini. Asipokumbuka mtu kuvishusha, msumeno huvigonga, na hapo hakuna mzee wa kulaumiwa. Ajali hii hutokea sana, hasa jioni, watu wakiwa wamechoka na mvua inanukia.

Tuseme ni kijana wa kazi aliyepewa jukumu la kuvishusha, naye akasahau. Pigo lenyewe lilikuwa dogo, injini haikuzimika, na fundi alikuwa amegeuka kuzungumza na mtu. Kijana anatazama huku na huku. Hakuna aliyeona. Anajua akisema atakatwa mshahara, naye mshahara wake ni wa siku kwa siku, na nyumbani kuna watu wanaungoja. Ananyamaza.

Ndugu zetu, tusimhukumu haraka kijana huyu, lakini tufuate kinachokuja baadaye. Meno ya upande mmoja yamekufa. Ubao unaofuata umepinda kidogo, na unaofuata huo umepinda zaidi. Fundi anadhani gogo ndilo lenye kosa. Analigeuza, anasukuma kwa nguvu zaidi. Msumeno unapata moto. Kwenye mashina ya meno unaanza ufa mdogo kama unywele. Mbao za paa la mzee zinaharibika moja baada ya nyingine, na mwishowe ukanda unakatika ukiwa katika mwendo wake. Vifuniko vya mashine vimewekwa ili kuuzuia, lakini kama mtu aliviondoa kwa sababu vinachelewesha kazi, Mungu atusaidie. Jambo ambalo lingemalizwa kwa kubadilisha msumeno, kazi ya dakika chache, limekula gogo zima, na lingeweza kula mkono wa mtu.

Sasa twendeni Yordani. Wana wa manabii walikuwa wakikata miti, na mmoja wao akiangusha mti, chuma cha shoka kikachomoka na kuanguka majini. Kilikuwa cha kuazima. Mtu yule angeweza kushika mpini na kunyamaza mpaka jioni. Alilia palepale, mbele ya wenzake na mbele ya Elisha, akasema wazi kwamba chombo si chake. Elisha hakuanza kumkemea kwa uzembe. Aliuliza kilianguka wapi, naye akamwonyesha mahali. Baada ya hapo ndipo kijiti kikakatwa na kutupwa pale, chuma kikaelea.

Twawaomba ninyi mlio mafundi na wenye mashine mlitazame lile swali la Elisha. Kijana akija mbio na kusema, "Fundi, tumegonga chuma," la kwanza liwe "Wapi?" Fundi anayeanza kwa matusi, au kwa kukata mshahara wa kijana aliyesema kweli, amewafundisha vijana wake wote kunyamaza.

Basi, pigo likisikika, injini izimwe. Waya wa plagi uondolewe kabla ya mtu kutia mkono. Msumeno ukibanwa ndani ya gogo usivutwe kwa nguvu. Pigilia kabari nyuma yake, njia ifunguke, kisha uurudishe taratibu. Vaa glavu, kwa maana ukanda ukitolewa huweza kukunjuka kwa ghafla kama nyoka. Upangusie, uchunguze jino kwa jino kwenye mwanga mzuri. Meno yaliyofifia hunolewa na kupindwa upya kwa kipimo. Yakiwa yamevunjika machache, msumeno waweza kufanya kazi bado. Lakini ukiona ufa, uweke kando, usiubembeleze.

Ukanda uliokatika mahali pamoja, nao ungali mzima kwingineko, huweza kuungwa na fundi wa kuchomelea anayeijua kazi hiyo. Tunasema anayeijua, kwa sababu pale penye kiungo chuma huwa kigumu na chepesi kuvunjika kama kioo. Sharti kipashwe moto tena kwa upole mpaka ugumu ule upungue, kisha kisuguliwe kiwe sawa na mwili wa ukanda. Anayeruka hatua hiyo ataunga leo, na kesho ataunga tena.

Na kama gogo liliangushwa kitandani kwa kishindo, msitengeneze msumeno peke yake. Chukueni uzi, muuvute kutoka mwanzo wa reli mpaka mwisho, mtazame kama reli imepinda. Reli iliyopinda hutoa mbao nene upande huu na nyembamba upande ule, hata msumeno ukiwa mpya kabisa, na kuna watu waliobadilisha misumeno mitatu kabla ya kuitazama reli.

Tumwache wapi mzee wetu? Tuseme yeye na fundi wake walipatana asubuhi, kabla ya injini kuwaka, mbele ya mama wa nyumba: msumari usiojulikana, nusu kwa nusu. Basi mzee anatoa nusu yake, fundi anafunga msumeno mwingine, na kabla ya saa tisa mbao zimepangwa juu ya vijiti zikaushwe na upepo. Kuhusu ule ukanda ulioharibika, twakumbuka kwamba mwenye shimo alipolipa, mnyama aliyekufa alikuwa wake. Mzee amelipa nusu, kwa hiyo wakate ukanda vipande viwili. Ni chuma kizuri, na mhunzi yeyote atakitengeneza visu vya jikoni.

Hadi juma lijalo, wapendwa, kwaherini.