MCA bora wa mwaka: tunampima kwa lipi?



Tumeambiwa tupendekeze MCA bora wa mwaka. Sawa. Lakini tunampima kwa lipi? Kwa kuja matangani? Kwa unga wa Ramadhani? Hiyo ni ihsani, Mungu amlipe, sio kazi tuliyompigia kura.

Kifungu cha 185 cha Katiba kinalipa bunge la kaunti kazi ya kutunga sheria na kuichunga serikali ya kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo inamtaka MCA atuulize maoni yetu ayapeleke bungeni, na inamkataza kuingilia utekelezaji. Kwa hivyo yule wa "mimi ndio nimewatilia taa", hapana. Pesa ni zetu. Yeye aulize mbona taa zimezima.

Mombasa ina wadi 30. Kabla hujaandika jina, jiulize: ameleta mswada gani? Siku ya bajeti alisema nini, ama alinyamaza tu? Vikao viko wazi kwa umma, kifungu cha 196, na maneno yao huandikwa kwenye Hansard.

Karatasi ziko pale mezani. Ukiandika jina, chini yake andika na sababu. Ukikosa sababu, acha wazi.