Mashine Ikikataa Barua



Kwa siku mbili kompyuta ya tawi letu ilikataa kupokea barua pepe, ikisema haiwezi kuungana na seva kwa usalama. Mwenzetu mmoja akashauri tuuzime ulinzi. Tulikataa kabisa: bila ulinzi neno la siri hupita wazi njiani, na katika barua zile mna majina ya wenzetu wanaodai haki zao.

Tukatazama saa ya mashine. Ilisema mwaka 2009! Betri yake ndogo ilikuwa imekufa, hivyo cheti cha seva kilionekana hakijaanza kazi. Tukasahihisha tarehe, barua zikaingia.

Saa ikiwa sawa, tazameni poti: 993 kupokea kwa IMAP, 465 kutuma. Tena programu kuukuu isiyojua TLS 1.2 ibadilishwe, TLS 1.0 na 1.1 ziliondolewa rasmi mwaka 2021.