Kuomba Ufadhili wa Utafiti wa Misitu Ukiwa Kazini

(Hotuba iliyotolewa Kifaru, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Kamati imenitaka nieleze namna mtu aliyekwisha kuwa kazini anavyoweza kuomba ufadhili wa utafiti wa misitu. Nimepata kuwa miongoni mwa waombaji, na nimepata kuwa miongoni mwa wasomaji wa maombi. Nitasema niliyoyaona pande zote mbili.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Ufadhili wa masomo mnaujua: mtu huenda chuoni, hufundishwa, hutahiniwa na kupewa shahada. Huu ninaousema ni wa namna nyingine. Hupewa mtu aliyefanya kazi miaka kumi, kumi na tano au zaidi, ili aweke kando shughuli za kila siku kwa miezi kadhaa, apate maktaba na wenzake wa kujadiliana nao, kisha aandike yale ambayo kazi imemfundisha. Harudi na shahada. Hurudi na kazi iliyokamilika.

Nitoe mfano. Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kina msitu wake wa utafiti, Harvard Forest, ulioanzishwa mwaka 1907 katika mji mdogo wa Petersham, jimbo la Massachusetts. Mwaka 1962 chuo hicho kilianzisha ufadhili uitwao Bullard, wa watu waliokwisha kukomaa kazini. Haukukusudiwa wanafunzi, wala haukuwekewa mabwana misitu peke yao. Wachumi, wanasheria, wanahistoria na hata wasanii waliweza kuomba, mradi kazi yao inahusu misitu.

Wapo watakaosema, "Hayo ni ya Wazungu na maprofesa." Basi tumtazame jirani yetu, hayati Wangari Maathai wa Kenya. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, na kwa robo karne alishirikiana na akina mama wa vijijini kupanda miti. Mwezi wa Januari 2002 alikwenda Chuo Kikuu cha Yale kama msomi mgeni katika taasisi yake ya misitu, akakaa hadi Juni, na huko alifundisha somo lililotokana na kazi ile ile ya vijijini. Naam, alikuwa na shahada za juu. Lakini wenye shahada za juu ni wengi duniani. Kilichomtofautisha ni miaka 25 ya kazi.

Sasa turudi nyumbani. Tukiinua macho hapa Kifaru tunaiona milima ya Upare Kaskazini, ambako uko msitu wa Kindoroko. Upare Kusini, wilayani Same, uko msitu wa Chome wenye kilele cha Shengena, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Yote hii ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita, Kenya, na kuishia kusini mwa nchi yetu. Katika milima ya Upare Kusini yupo ndege mdogo, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, asiyepatikana penginepo duniani. Tena wazee wetu walikuwa na misitu ya ukoo na ya jando iliyolindwa kwa mila, na walichimba ndiva za kukusanya maji ya kumwagilia mashamba.

Nani anaijua misitu hii kuliko wengine? Ni mtunza msitu aliyeipanda milima hiyo miaka ishirini, mwalimu aliyeandika vipimo vya mvua, afisa kilimo aliyesuluhisha ugomvi wa zamu za maji. Lakini anapostaafu hukabidhi ofisi, funguo na pikipiki. Yale aliyoyaona hayakabidhiwi. Mgeni akija kwa miezi mitatu akaandika, maandishi yake ndiyo yatakayosomwa Dodoma na nchi za nje, na ndiyo yatakayotumika kuamua juu ya maji na mashamba yetu. Simlaumu mgeni, yeye ameandika. Sisi je?

Kwa hiyo, ndugu zangu mlio kazini, fanyeni hivi.

Kwanza, pata swali kabla ya kutafuta fomu. "Umuhimu wa misitu ya Upare" si swali, ni kichwa cha insha. Swali ni kama hili: kwa nini ndiva moja hujaa kila msimu, na ya bonde la pili hukauka, ilhali mvua ni ile ile? Msomaji wa maombi hutambua mara moja nani ameishi na swali lake na nani amelitunga jana usiku.

Pili, eleza kwa nini unataka kwenda pale na si kwingine. Petersham, kwa mfano, misitu imeota juu ya mashamba yaliyoachwa na wakulima katika karne ya 19, na kuta zao za mawe zingali zimesimama katikati ya miti. Watafiti wa huko ni hodari wa kusoma historia ya ardhi kwa alama hizo. Mpare aonaye masale ndani ya kichaka anajua kwamba palikuwa na mpaka au boma la mtu. Hapo wenyeji na mgeni wana la kubadilishana. Mwandikie mtafiti wa huko mapema, kwa barua fupi.

Tatu, chagua wadhamini waliokuona ukifanya kazi. Barua ya mkubwa asiyekujua haisaidii kitu.

Nne, zungumza na mwajiri wako mapema, na barua yako ipitie kwake. Onyesha kazi itakavyorudi nyumbani: kwa Taasisi ya Utafiti wa Misitu, kwa halmashauri, na kwa wanakijiji kwa Kiswahili.

Tano, soma tangazo la mwaka wenyewe, neno kwa neno. Masharti, posho na tarehe hubadilika.

Nanyi wanafunzi, msidhani haya hayawahusu. Ombi la mtu wa miaka 45 huanza na daftari la kijana wa miaka 17. Pimeni mvua hapa shuleni. Waulizeni babu na bibi majina ya miti na kazi zake, mkaandike pamoja na tarehe. Profesa Isaria Kimambo, Mpare mwenzetu, aliandika historia ya Wapare iliyochapishwa mwaka 1969 kwa kuwasikiliza wazee. Lau angechelewa, wengi wao wasingekuwepo kuulizwa.

Kukataliwa kupo, na waombaji ni wengi kuliko nafasi. Lakini aliyeandika swali lake vizuri, hata akikosa ufadhili, amekwisha kuacha kitu ambacho mwingine anaweza kukiendeleza.