Tarumbeta ya Jubilei Ilipigwa Siku Gani?

Hotuba ya Katibu wa Kwaya



Kamati iliniomba niseme juu ya historia ya kwaya. Historia mtaisoma katika kurasa nyingine za kijitabu hiki, pamoja na picha. Nimeomba ruhusa niseme juu ya jambo ambalo halipigwi picha: uchungu wa moyoni, na kutosameheana.

Mtaniuliza, mbona jambo zito hivyo siku ya furaha? Someni Mambo ya Walawi 25. Tarumbeta ya mwaka wa 50 haikupigwa siku yoyote tu. Ilipigwa tarehe 10 ya mwezi wa saba, na hiyo ndiyo Siku ya Upatanisho. Dhambi za taifa zilishughulikiwa kwanza, ndipo watumwa wakaachiliwa na mashamba yakarudi kwa wenyewe. Sisi tumefikisha miaka 50, tumeshona sare mpya na tumekodi mahema. Lakini je, wote waliovaa sare hiyo wanasalimiana?

Tusidanganyane, wapendwa. Kwaya ni mahali rahisi pa kuumizana. Tunakaa pamoja saa nyingi kuliko vikundi vingi vya kanisa, na tunachangishana pesa kila mara. Mmoja amenyimwa ubeti wa kuimba peke yake, ukapewa aliyejiunga juzi. Mwingine ameulizwa deni la sare mbele ya watu. Mwingine alifiwa, na kwaya haikufika mazishini. Hilo la mwisho silichukulii kuwa dogo hata kidogo. Mtu aliyeimba kwenye mazishi ya watu wengine miaka yote, kisha akamzika mama yake bila kuona sare yetu hata moja pale kaburini, ana haki ya kuumia.

Na hapo ndipo hatari inapoanzia, kwa sababu uchungu mara nyingi huanza na kosa la kweli. Mtazameni Absalomu katika 2 Samweli 13. Dada yake Tamari alitendewa unyama na Amnoni, ndugu yao kwa baba. Mfalme Daudi aliposikia alikasirika sana, halafu hatusomi kwamba alichukua hatua yoyote. Absalomu alikuwa na kesi nzuri. Alifanya nini? Alinyamaza. Hakumwambia Amnoni neno zuri wala baya kwa miaka 2 mizima. Nadhani watu wengi pale nyumbani walifikiri mambo yameisha. Kisha ikafika sherehe ya kukata kondoo manyoya, Amnoni akialikwa kama ndugu, akauawa mezani.

Haikuishia hapo. Absalomu alitoroka miaka 3, akarudishwa, akakaa Yerusalemu miaka 2 bila kuuona uso wa baba yake, na mwisho akaleta vita nchini. Siku ya vita katika msitu wa Efraimu walikufa watu 20,000, ambao wengi wao hata hawakumjua Amnoni. Naye alimpa binti yake jina la Tamari, kwa hiyo kila alipomwita mtoto alikuwa analigusa lile jeraha. Na Tamari mwenyewe je, alipata nafuu? Katika masimulizi hayo hatusikii tena habari zake.

Kuna na mzee Ahithofeli, mshauri wa Daudi aliyehamia kwa Absalomu. Ukiunganisha 2 Samweli 11:3 na 23:34, inaelekea alikuwa babu yake Bathsheba. Maandiko hayasemi wazi kwamba hiyo ndiyo sababu ya kumgeuka Daudi, lakini ushauri aliotoa ulikuwa wa kumwaibisha mfalme juu ya dari ya jumba lake, na Daudi alimwona Bathsheba akiwa juu ya dari. Ushauri wake wa pili ulipokataliwa, mzee alipanda punda, akaenda kwao, akapanga mambo ya nyumba yake vizuri, akajinyonga. Kutulia kwake ndiko kunakonitisha.

Hapa niseme wazi, kwa sababu wengine wamefundishwa vibaya. Kusamehe si kuficha uovu. Kama mtu amemdhuru mtoto au amempiga mkewe, jambo hilo liende polisi, na wazee wa kanisa wasilikalie. Nyumba ya Daudi iliharibiwa pia na kunyamaza kwa baba aliyepaswa kuhukumu.

Lakini mengi ya kwetu si ya polisi. Ni ya dinari 100. Mnakumbuka mfano wa Mathayo 18. Dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua kwa siku, na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Fanyeni hesabu: kwa kila shilingi moja aliyomdai mwenzake, yule mtumishi mwenyewe alikuwa amesamehewa shilingi laki sita. Dinari 100 ni pesa, ni jasho la miezi zaidi ya mitatu. Yesu hakusema ni bure. Alisema tuliweke deni hilo kando ya lile tulilofutiwa, na mtumishi aliyekataa aliishia mikononi mwa watesaji.

Mimi kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za mikutano. Kitabu hicho kinakaa kabatini, na yeyote anaweza kukiomba. Ila najua wapo kati yetu wenye vitabu vyao, vyenye tarehe na maneno yaliyosemwa, na hawajavifunga. Waebrania 12:15 inaonya kwamba shina la namna hiyo huwatia unajisi wengi. Watoto wa Shule ya Jumapili tayari wanajua ni nani na nani hawaongei katika kwaya hii. Hakuna aliyewafundisha.

Wimbo wetu ni sadaka, na Mathayo 5 inatuambia sadaka isubiri tukapatane kwanza. Basi kamati imekubaliana hivi. Kabla ya wimbo wa mwisho kutakuwa na dakika 15 bila kinanda wala tangazo. Ukiwa na neno na mwenzako, mwendee, hata nje chini ya mti. Kisha wote waliowahi kuimba nasi tangu mwanzo wataitwa mbele. Hakuna atakayeulizwa aliondoka lini wala kwa nini. Soprano na alto wasimame upande wa kinanda, tenor na besi upande wa mimbari. Majoho ya ziada yapo ofisini, mlango uko wazi.