Mtoto Yumo Kwenye Rejista, Lakini Yuko Nyumbani



Nianze na mama mmoja wa hapa Kitengela. Mwanawe ana miaka saba, ana usonji. Alimpeleka shule ya umma, akapokelewa vizuri tu. Wiki ya pili kengele ikalia, mtoto akaziba masikio, akapiga mayowe, akaingia chini ya dawati. Mwalimu akaona ni utundu. Mwezi haukuisha, mama akaambiwa, "Kaa naye nyumbani kwanza, akitulia umrudishe." Hakuna barua, hakuna aliyeandika kwamba amefukuzwa. Kwenye rejista bado yumo.

Mimi simlaumu sana mwalimu yule. Darasa limejaa, na usonji labda aliusikia juu juu tu chuoni. Nani alimfundisha?

Hebu fikirieni aliyefunzwa angefanya nini. Si miujiza. Angemketisha mtoto mbali na kengele, na kumwambia mapema kwamba italia. Angebandika ukutani picha za siku nzima: kusoma, uji, kucheza, kwenda nyumbani. Manake watoto wengi wenye usonji huvurugwa na mabadiliko ya ghafla. Angesema "Keti," angoje, halafu "Toa kitabu," badala ya maagizo manne kwa pumzi moja. Angejua kwamba mtoto asiyemtazama machoni si mkaidi. (Maustadh wetu wa madrasa pia, hili lawahusu.) Na fimbo? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeipiga marufuku kwa mtoto yeyote.

Mafunzo haya yapo. Taasisi ya elimu maalumu, KISE, iliyoanzishwa 1986, iko Kasarani, na kazi yake ni hiyo hiyo ya kufunza walimu. Kuna vituo vya EARC vya kumpima mtoto na kuelekeza anahitaji nini. Pale Ngara, Nairobi, shule ya umma ya City Primary ina kitengo cha watoto wenye usonji. Na Katiba, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na jamii, si kufichwa.

Sasa tumuulize nani? Hapa ndipo wengi hupotea, bana. Mwalimu wa chekechea yuko chini ya serikali ya kaunti. Wa shule ya msingi ameajiriwa na TSC. Ukienda kwa gavana kulalamika kuhusu mwalimu wa gredi ya pili, utarushwa kutoka ofisi hii hadi ile mpaka uchoke.

Kwa hivyo tuanze na chekechea, ambako kaunti ya Kajiado haina pa kukimbilia. Mpango wake wa maendeleo wa kila mwaka lazima ufike bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na kabla ya hapo wananchi wana haki ya kusikizwa. Vikao hivi sisi huenda kuitisha barabara na maji, na ni sawa, vumbi la Kitengela mnalijua. Safari hii tuongeze swali moja: ni walimu wangapi wa chekechea watafunzwa kuhusu usonji, na kwa pesa ngapi? Tusikubali jibu la "tutaangalia." Tunataka nambari kwenye karatasi.

Kikao kikitangazwa nitaweka ujumbe kwenye grupu. Yule mama amesema atakuja na mtoto. Tafadhali, aliye karibu na spika aipunguze sauti.