Neno Dawa na Sumu Zilizomo Nyumbani Mwetu

Mada iliyosomwa katika semina ya akina mama na wakulima wa mboga, Lushoto



Kabla sijaingia katika mada niliyopewa, naomba ruhusa ya kulitazama neno moja ambalo sote tumelitumia tangu asubuhi pasipo kulihoji, nalo ni neno dawa. Aliyepiga mswaki leo alitumia dawa ya meno; aliyeng'arisha viatu vyake ili aje hapa kwa heshima alitumia dawa ya viatu; mgonjwa aliyebaki nyumbani amemeza dawa ya kikohozi; na mkulima aliyepita bondeni alfajiri, bomba la kupulizia likiwa mgongoni, alikuwa akienda kuipiga kabichi yake dawa. Lugha yetu, kwa ukarimu wake, imevivika vitu hivi vyote joho moja, naye mtoto mdogo anayetusikia tukisema hivyo hana njia ya kutambua kwamba dawa hii huponya na dawa ile huua. Wataalamu wametutungia neno kiuatilifu, ambalo ni neno zuri na la kweli, walakini limekaa katika vitabu na katika vibandiko vya makopo, ilhali shambani na jikoni tungali tukisema dawa.

Rai nitakayoieleza mbele yenu ni kwamba madhara mengi ya sumu nyumbani huanzia katika ujinga huo wa jina: mtu hutumia kitu asijue kinafanyaje kazi. Basi nitakapozungumza juu ya majivu, ndimu, magadi na majani, vitu viwezavyo kushika nafasi ya baadhi ya dawa za dukani, nitawaomba mniulize swali lile lile mnalopaswa kumwuliza mwenye duka: kitu hiki hufanya kazi gani, kwa njia gani, na kikiisha kutumika huenda wapi?

Sumu ishukayo kutoka shambani

Wilaya yetu ni bustani ya miji. Kabichi, karoti, nyanya, viazi mviringo na pilipili hoho zijazazo matenga hapa hushuka kwa barabara ya Soni hadi Mombo, zikaliwa Tanga na Dar es Salaam na watu wasiowahi kuiona milima hii. Lakini baridi na ukungu viistawishavyo mboga ndivyo viletavyo maradhi ya majani, na jua likichomoza huja na wadudu wake. Kwa hiyo mkulima hupulizia, na akiisha kupulizia hubakiwa na kiasi kidogo asichoweza kukitupa, kwa kuwa amekinunua kwa fedha yake. Kiasi hicho hutiwa katika chupa ya soda, na chupa ikasukumwa uvunguni mwa kitanda. Kunguni wakizidi, chupa hutolewa. Mende wakionekana, hutolewa tena. Na kopo lililokuwa na sumu, likiisha kuoshwa kwa maji mara mbili tatu, huwa kata ya maji au kipimo cha unga.

Nilipokuwa mwalimu wa sayansikimu, mtoto wa jirani yangu alirudi kutoka machungani na kiu, akaiona chupa aliyoijua kwa umbo lake, akainywa. Ndani yake mlikuwa na mafuta ya taa. Mama yake, kwa shufaka ya mama, alimtia kidole kooni ili atapike, kumbe hilo ndilo jambo lililokuwa halifai kabisa kufanywa, maana mafuta ya taa yakipanda tena kooni huingia mapafuni, na huko ndiko yaletako hatari kubwa. Mtoto alipona baada ya siku nyingi hospitalini. Tangu siku ile sijaacha kusema kwamba anayekunywa mafuta ya taa asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja, na chupa aliyoinywea ichukuliwe pamoja naye ili mganga aione.

Insafu kwa dawa za kisasa

Walakini ingekuwa dhuluma kuzilaani dawa zote za kiwandani, na watu wa Lushoto ndio wanaolijua hilo kuliko wengi. Mwaka 1980 tauni ilizuka katika vijiji vya wilaya hii, hususan upande wa Mlalo, ikawa ikienda na kurudi kwa zaidi ya miaka ishirini. Wengi waliomo humu wanaikumbuka. Tauni huchukuliwa na viroboto wakaao katika manyoya ya panya, na panya akifa, mwili wake ukapoa, kiroboto huuacha na kutafuta mwili mwingine wenye joto, ambao aghalabu ni wa mtu aliyelala sakafuni karibu na ghala la mahindi. Kwa sababu hiyo, aliyetega sumu ya panya nyumbani mwake wakati wa tauni, akidhani anajikinga, alikuwa anawafukuza viroboto kutoka kwa panya na kuwaleta kwa watoto wake. Mabwana afya walianza kwa kunyunyiza unga wa kuua viroboto majumbani, panya wakafuata baadaye. Na wagonjwa walitibiwa kwa dawa za hospitali, ambazo jani lolote la milima hii halikuweza kushika nafasi yake.

Lipo na somo la pili katika habari hiyo hiyo. Panya waliingia nyumbani kwa sababu mahindi na maharage yalilala darini na chumbani, na watu wakalala chini pamoja nayo. Kuyatoa mazao yakahifadhiwa katika ghala lililoinuliwa juu ya nguzo, kufagia ua, na kuinua malalo ni kinga isiyo na sumu hata chembe, na kinga hiyo hubaki hata baada ya unga wa mabwana afya kupeperuka.

Tutazame pia Usambara Mashariki, pale Amani, ambapo Wajerumani waliasisi kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Katika zama za Waingereza palikuwa na taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki, nayo katikati ya miaka ya 1950 iliongoza kazi kubwa ya kupulizia kuta za nyumba za Upare na Taveta sumu iitwayo dieldrini. Mbu walipungua, malaria ikapungua, na watoto waliopona kwa sababu hiyo hawakuwa haba. Lakini mwaka 2001 mataifa yalipofanya mkataba wa Stockholm, dieldrini ilikuwa miongoni mwa sumu 12 za kwanza kuwekewa marufuku au udhibiti, kwa kuwa hukaa ardhini miaka mingi na hujilimbikiza katika mafuta ya viumbe. Kwa hiyo sumu ina mahali pake, ambapo ni dharura, chini ya mkono wa mtu aliyefunzwa, kwa kipimo na kwa muda. Na hata hapo hisabu yake huja kulipwa baadaye. Kufukuza sisimizi kwenye kabati la sukari hakumo katika dharura hizo.

Vitu vya jikoni na kazi zake

Sasa naingia katika tafsili. Uchafu wa nyumbani, ukiuchunguza, ni wa namna chache. Upo wa mafuta, na huo huondolewa na sabuni au magadi yaliyoyeyushwa katika maji ya moto, maana magadi huyageuza mafuta yakakubali kuchukuliwa na maji. Upo wa chokaa ya maji, kama ule ugandao ndani ya birika, na huo huyeyushwa na vitu vichachu, yaani ndimu, siki au ukwaju, ambao hung'arisha na vyombo vya shaba. Upo wa masizi, ambao huhitaji kusuguliwa tu, na kwa kazi hiyo bibi zetu walikuwa na majivu yaliyochekechwa, mchanga laini, kumbi la nazi, na jani la msasa, ambalo ukali wake ndio ulioipa karatasi ya seremala jina lake. Tahadhari moja: magadi na majivu yaliyolowekwa hula madini ya alumini, basi sufuria ya namna hiyo isilazwe humo usiku kucha.

Aliyeyafahamu hayo hatadanganyika na mchanganyo unaosifiwa sana siku hizi, wa magadi soda na siki katika chombo kimoja. Povu lake hupendeza macho, lakini povu hilo ni vita vya vitu viwili vinavyomalizana, na kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo isiyosafisha kitu. Tumia kimoja, usuuze, kisha tumia cha pili. Na mchanganyo ulio haramu kabisa ni wa jiki pamoja na siki, ndimu, au dawa kali ya chooni: hapo hutoka hewa ya klorini, ile ile iliyowaua askari vitani huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915, na choo kidogo kilichofungwa mlango hakina pa kuipeleka.

Kwa wadudu, hukumu ni ile ile ya kujua sababu. Mende huja kwa ajili ya maji na makombo. Ukivikausha na kuvifunika, umemnyima riziki, na waliobaki hutegwa kwa chupa pana yenye ndizi mbivu, ambayo mdomo wake kwa ndani umepakwa mafuta, wakaingia wasiweze kupanda. Kunguni hastahimili joto: maji yanayochemka yakimiminwa katika maungio ya chaga, nguo zikachemshwa na kupigwa pasi, na kazi hiyo ikarudiwa kila baada ya juma kwa sababu ya mayai, hupungua hata akaisha. Fukusi wa maharage huzuiwa kwa kuyakausha sana juani na kuyachanganya na majivu makavu, ambayo huziba nafasi baina ya punje na kumkwaruza mdudu ngozi hata akakauka. Au kwa mifuko ya kinga njaa, ambayo ikifungwa barabara hewa yake huisha na mdudu hukosa pumzi. Wadudu mafuta wa bustani ya nyuma ya nyumba hufa kwa maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji katika lita moja, mradi yawaguse wenyewe, maana yakikauka juu ya jani hayana nguvu tena.

Kwa kuwa Lushoto ni nchi ya baridi, kila nyumba ina sweta na mablanketi ya sufu, na ndani ya sanduku hutiwa vidonge vyeupe vya naftalini. Wako watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali iliyo ya kawaida katika nchi za malaria, ambao wakivimeza vidonge hivyo, au wachanga wakavikwa nguo zilizolala navyo, chembe nyekundu za damu yao hupasuka. Nondo hupenda sufu yenye jasho na mafuta ya mwili. Basi nguo ikifuliwa, ikaanikwa juani, ikafungwa katika sanduku lisilo na upenyo, nondo hana cha kufuata. Karafuu chache zitaleta harufu nzuri, lakini kazi kubwa imefanywa na sabuni na jua.

Si kila jani ni salama

Naogopa kumaliza pasipo kusema hili, maana wapo watu ambao wakisikia neno asili hufumba macho. Utupa, mti unaopandwa sana milimani, ni dawa ya wadudu ya kweli. Lakini majani yake yakipondwa na kutiwa mtoni samaki huelea juu, na jina lake ni maarufu kwa wavuvi kwa sababu hiyo. Maji ya tumbaku huua wadudu wa mboga, nayo yanaweza kumwua na mtu, kwa kuwa sumu yake hupenya ngozini. Vitu hivi viwekwe katika daftari moja na makopo ya dukani, vipimwe na vifichwe kama hayo. Kivumbasi kikifukizwa jioni hupunguza mbu, nami nakipenda, lakini hakichukui nafasi ya chandarua, na aliyemlaza mtoto wake katika moshi wa kivumbasi bila ya chandarua amebadilisha kinga kwa manukato.

Mapendekezo

Ndugu Mwenyekiti, nina mapendekezo matatu. La kwanza, sumu ya shamba isivuke kizingiti cha nyumba: ijengewe kisanduku chenye kufuli, mbali na jiko na mbali na chakula cha mifugo, na kopo lake litobolewe likiisha. La pili, vikundi vya akina mama viandike kwa mkono, kwa maneno ya hapa hapa, kila kitu kinachotumika nyumbani na kazi yake na hatari yake, daftari hilo lisomwe kwa watoto wa shule. La tatu, aliye na mabaki asiyamwage mtoni, kwa kuwa maji ya Soni hushuka Mombo, ambako yanamwagilia mashamba ya watu wengine. Amwite bwana shamba au bibi shamba amwelekeze pa kuyapeleka.

Hayo yatachukua siku. Liko jambo moja lisilohitaji kamati wala fedha, nalo ndilo ombi langu la mwisho kwenu: chupa ya soda ikiisha kunywewa, irudishwe dukani siku hiyo hiyo, isipate kulala nyumbani.